Kura za Upande wa Pili

Malachy Toner hakuogopa kushindwa. Daraja alilotumwa kulipua na Jeshi, wapiganaji wa siri wa Kikatoliki waliopinga utawala wa Uingereza, lingali linapitisha magari, na shimo alilochimba kutoroka gerezani lilitokea jikoni kwa askari. Kilichomkausha mate siku ya kuhesabu kura za udiwani ni kwamba alikuwa anashinda.

Huko Tyrone, Ireland ya Kaskazini, mpiga kura huwapanga wagombea kwa namba. Mgombea akitupwa nje, karatasi zake huhamia kwa aliyepewa namba inayofuata. Kilibaki kiti kimoja, na aliyetupwa nje ni Mervyn Cathcart, mkulima wa Kiprotestanti, mtu wa Malkia wa Uingereza kuanzia kofia hadi soksi. Karatasi zake zikaanza kurundikana kwenye trei ya Malachy.

Dinny McGurk, mwenzake wa seli na sasa msimamizi wa kampeni, aliacha kutafuna sandwichi.

"Ndugu yangu, hizo ni za nani?"

"Zangu."

"Naona. Zimetoka kwa nani?"

"Labda wamekosea namba."

"Wakosee wote? Wale wanaopanga hata viazi kwa ukubwa?"

Upande wa Malachy lilikuwepo neno moja baya kuliko yote: msaliti. Waliopewa jina hilo zamani waliokotwa kando ya barabara za mpakani. Sasa silaha zilikwisha kukabidhiwa, lakini midomo haikukabidhiwa. Tayari wazee wawili wa Jeshi walikuwa wakimtazama kama watu wanaopima jeneza.

Cathcart akapita, akampiga begani. "Hongera, jirani! Wazee wangu wanasema wewe ni mtu wao kabisa!"

"Mervyn, nyamaza, utaniua!"

"Mtu wao?" Dinny alisogea. "Uliwapa nini, Malachy? Majina?"

"Mtaro."

"Nini?"

"Niliwachimbia mtaro. Nyuma ya ukumbi wa Orange."

Dinny alikodoa macho. "Wale Waprotestanti wa matarumbeta? Wanaotupigia ngoma chini ya madirisha kila Julai?"

"Maji yalikuwa yanatoka kwao yanaingia jikoni kwa mama! Ningefanyaje?"

"Kwa hiyo ngoma zao sasa ni kavu, kwa jasho la Jeshi letu."

"Na jiko la mama pia ni kavu."

"Bora ungetoa majina, haki ya Mungu. Hilo watu wangelielewa."

Kipaza sauti kikaita: Toner, Malachy, amechaguliwa.

"Panda," Dinny alimnong'oneza. "Wakiuliza, nitasema ulikuwa unatega bomu mtaroni."

"Dinny!"

"Unataka nikutetee au hutaki?"

Malachy alipanda jukwaani. Watu wa Cathcart walikuwa wa kwanza kupiga makofi, tena kwa nguvu, na kila kofi lilimchoma. Watu wake mwenyewe walikaa mikono mifukoni. Akamwona Dinny akipita safu hadi safu, akiinama sikio hadi sikio, na kila alipoinuka nyuso zikachangamka. Mikono ikatoka mifukoni. Mzee mmoja wa Jeshi akapiga mluzi.

"Ndugu wananchi," Malachy alianza, "hii ni siku ya amani."

Upande wa watu wake ukalipuka kwa shangwe. Lakini maneno ya Dinny yalikuwa hayajui mpaka. Yaliruka kiti kimoja, yakaruka cha pili. Upande wa Cathcart makofi yakapungua, yakakatika. Cathcart mwenyewe akasimama polepole, akatoa simu mfukoni, akampigia mlinzi wa ukumbi wa Orange.