Omena Juu ya Sola ya Dunga

Sikutoka Dunga kustarehe. Friza ya chama chetu cha wauza samaki ilikuwa inayeyuka, na mimi ndiye niliyewashawishi akina mama tuache jenereta ya dizeli, tufunge sola. Sasa samaki wetu wa ngege wanaharibika jua likiwaka! Mama Atieno, mwenyekiti wetu, aliniambia mbele ya wote, “Nyar Alego, hii sola yako ni ya picha tu. Nenda ukaulize wanaojua. Ukirudi bila jibu, tunaiuza.”

Asubuhi nilikuwa Sondu, ambako binamu yangu Ochieng ni fundi wa umeme wa maji. Mto unateremshwa kwenye bomba kubwa, unanguruma mpaka kifua kinatetemeka.

“Maji yanasukuma gurudumu, gurudumu linazungusha jenereta,” akaeleza.

“Kumbe hata nyinyi mna jenereta!”

“Tunayo. Lakini yenu inazungushwa na injini, na dizeli ikiungua imeenda. Haya maji yanapita tu, yanarudi ziwani kwenu.”

“Na mvua ikikosa?”

“Hapo tunalia, dada.”

Jioni nikafika Mbita kwa Mama Risper, ambaye chama chake kinatumia sola. Nilitia mkono ndani ya friza yao, nikautoa mbio. Baridi! Wivu ulinishika, siwafichi.

“Paneli zenu mmeziweka wapi?” akauliza nilipomaliza kumsimulia ya friza yetu na ya gurudumu la Sondu, akinimiminia chai.

“Nyuma ya banda, juu ya vyuma vya kimo cha kiuno. Mahali pazuri sana! Mchanga haufiki, kuku hawafiki. Hata omena tunaanika hapo, inakauka upesi.”

Akaweka birika chini. “Mnaanika omena juu ya paneli?”

“Juu kabisa.”

“Yawa!” Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. “Mama, pale hakuna gurudumu. Mwanga wenyewe ukigonga kile kioo ndio unakuwa umeme. Nyinyi mmeifunika blanketi ya samaki!”

Nilirudi Dunga kesho yake, nikakuta jenereta imeshatolewa nje, inapanguswa vumbi. Sikusalimia mtu. Nilichukua beseni, nikazoa omena yote, nikaosha vioo mpaka vikang’aa. Akina mama walinitazama kama mwenye wazimu. Halafu friza ikaanza kunguruma, nasi tukapiga vigelegele.

Siku iliyofuata Mama Atieno alitia mkono ndani, akautoa haraka. Alitandika wavu mchangani, akamwaga omena yake, akatafuta kijiti na kuketi kando.

“Jenereta irudisheni ndani,” akasema. “Kuku nitawafukuza mimi.”