Injini ya Kumpita Télesphore

Aliyemuuliza Vénérande kwa nini anataka injini kubwa alijibiwa kuwa ni kwa sababu ya kilima. Jibu hilo lilitosha. Kila mtu aliyesafiri kutoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, kwenda Lilongwe alikijua kile kilima cha kabla ya barabara kuu, na kila aliyepanda Starlet yake, gari dogo la kubebea abiria, alijua inavyokipanda: gia ya kwanza, abiria kimya kama wako ibadani, na harufu ya mvuke ikianza kutoka kwenye boneti. Hakuwa anadanganya, ila alikuwa anasema nusu tu.

Nusu ya pili ilikuwa Télesphore. Kila siku ya soko, katikati ya kilima hicho, gari lake jeupe, Corolla ile yenye mkia mrefu wa kubebea mizigo, lilimkuta Vénérande, likapiga honi mara mbili, likampita. Télesphore alitoa mkono dirishani.

"Dada Vénérande, jikaze! Tutakungojea kule juu!"

Abiria wa magari yote mawili walicheka. Vénérande hakucheka. Aliutazama mgongo wa gari lile mpaka ukapotea, na honi ile ikamkaa masikioni hadi Lilongwe, hadi soko la Nathenje alikouza sare za shule, hadi aliporudi kambini na kukaa tena mbele ya cherehani yake.

Alikuwa mjane mwenye binti mmoja, Aline. Kwao ni Uvira, Kongo. Vita ilipofika mwaka wa tisini na sita, alimpakia baba yake, mzee Lwaboshi, kwenye toroli ya ujenzi, kwa kuwa miguu ya mzee ilikuwa imevimba na haishiki tena ardhi. Alimsukuma kwenye ile barabara ya kando ya ziwa inayoelekea Fizi, Aline akitembea mbele na sufuria kichwani. Walipokwisha kupita Swima akasikia gari nyuma. Alilitambua kabla ya kugeuka. Ilikuwa Peugeot ya Télesphore, kiongozi wa kwaya yao, mtu aliyekula nyumbani kwake Pasaka ya mwaka uleule. Vénérande akaisimamisha toroli katikati ya barabara na kuinua mikono yote miwili.

Peugeot ikapiga honi. Akaisogeza toroli pembeni, akidhani mwenzake anatafuta nafasi ya kusimama. Gari likapita bila kupunguza mwendo na kummwagia mzee vumbi usoni.

Mzee Lwaboshi alipangusa macho, akauliza, "Hakutuona?"

"Hakutuona, baba."

Alikufa kabla hawajafika Baraka. Vénérande alimzika kwa jembe la kuazima.

Halafu, baada ya nchi mbili na vituo vingi, akamkuta Télesphore Dzaleka. Mwanamume yule alimkumbatia mbele za watu. "Dada! Mungu ni mkubwa, umepona!" Akauliza habari za wote, mpaka za mzee. Vénérande alimjibu kuwa mzee amefariki njiani, kisha akayangojea macho yake yainame. Hayakuinama. Télesphore alisikitika vizuri, kama mtu yeyote mwema anavyosikitikia msiba wa jirani. Hapo ndipo chuki ya Vénérande ilipopata makao. Adui anayekumbuka unaweza kugombana naye. Huyu alikuwa amempita, na kwa kumpita alikuwa amemsahau.

Hakutaka afe. Hakuomba gari lake lipinduke. Alitaka jambo dogo, na udogo wake ndio uliomnyima usingizi: Télesphore awe nyuma, ndani ya vumbi, akitazama mgongo wa gari la mtu anayemjua.

Ndiyo maana, mwaka wa pili tangu anunue Starlet ile, alikwenda Lilongwe na Nahayo, fundi Mrundi wa kambini, kwenye uwanja mmoja wa vyuma chakavu nyuma ya mtaa wa Area 18. Injini zilipangwa juu ya matairi kama vichwa vya ng'ombe buchani. Nahayo alizipita haraka zile mpya zinazoendeshwa na kompyuta. Hizo, alisema, zikiharibika kambini zinageuka kuwa viti vya kukalia. Alitaka ya kabureta, kitu anachoweza kufungua kwa bisibisi, akakiosha kwa petroli na kukirudisha kabla ya chakula cha mchana.

Vénérande alikuwa amekwisha kuchagua. Alisimama mbele ya injini ya Hilux, cc elfu mbili, ndefu na nyeusi.

"Hii."

Nahayo akacheka. "Mama Aline, hii njo ya kubeba ng'ombe. Ukiiweka mu Starlet, pua ya gari itachimba barabara."

"Si unaweza kuikatia nafasi?"

"Naweza. Nikate ukuta wa mbele, nibadilishe gia, nibadilishe springi. Na fureni, hizi breki? Fureni zako ni za kusimamisha sanduku la kiberiti. Utapanda kilima vizuri sana. Kushuka, utashuka na malaika."

"Nataka yenye nguvu, Nahayo. Sikukuleta hapa unichekeshe."

Fundi akampeleka pembeni kwenye injini nyingine iliyotoka kwenye kibasi cha LiteAce. Cc elfu moja na mia tano. Haikuwa na sura ya kutisha. Nahayo alifungua kifuniko cha oili, akatazama chini yake kama kuna povu jeupe la maji. Hapakuwa na povu. Akatoa plagi moja, akaziba tundu kwa kidole gumba, akamwambia mwenye uwanja azungushe. Hewa ikamsukuma kidole kwa mlio mkali.

"Inapumua," alisema. "Na hii ni ndugu ya ile yako ya elfu moja. Inakaa pahali pamoja, gia inabaki ileile. Kitu kimoja tu: mu kibasi ililala upande, chini ya viti. Nikiiweka vile, kabureta itakaa kombo, petroli itamwagika ndani, na kule kilimani injini itazimika. Basi nitachukua mkono wa kabureta na bakuli la oili vya injini yako ya zamani, nivivike hii. Itasimama wima."

Vénérande aligeuka, akaitazama tena ile ya Hilux. Alihisi kama ameombwa ale kidogo akiwa na njaa ya miaka mitano.

"Corolla nyeupe ile ni ngapi?" akauliza.

Nahayo hakujifanya haelewi. "Elfu moja na mia tatu."

"Hii itamupita?"

"Akiwa peke yake, utamupita. Akibeba bantu, utamupita huku unaimba."

"Basi iweke."

Mwenye uwanja alishukuru kwa Kichewa, "Zikomo, mayi," na injini ikapakiwa.

Ilipowashwa mara ya kwanza kambini, watu walitoka kwenye nyumba zao. Sauti yake ilikuwa nzito, ya chini, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema neno kubwa. Vénérande hakulipita gari hata moja. Alitaka la kwanza liwe lile jeupe. Lakini Télesphore alikuwa ametoweka barabarani. Mama yake alikuwa amelazwa Lilongwe, na mwana alikuwa akilala sakafuni wodini. Wanawake wa kanisa walikwenda kumtazama mgonjwa. Vénérande alikwenda Nathenje mara kadhaa na hakupitia hospitali. Aliona tu kwamba anacheleweshwa.

Siku waliyokutana ilikuwa mchana, jua kali. Vénérande alikuwa anarudi kambini na abiria mmoja, jirani yake Xaverine, Mnyarwanda mwuza mboga. Walipoacha barabara kuu na kuanza kukipanda kilima kwa upande wa pili, wakaiona Corolla mbele. Ilikuwa inakwenda pole sana. Taa zilikuwa zinawaka mchana ule, na tawi la majani mabichi lilikuwa limefungwa juu ya paa. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na mwisho wa jeneza ulitokeza, umefunikwa kitenge.

"Mama Aline, punguza," alisema Xaverine. "Ni maiti."

"Naona."

"Basi punguza!"

Gari lenye maiti halipitwi. Wamalawi husimama barabarani na kuvua kofia. Watu wa kambini hulifuata nyuma polepole hata kama ni safari ya nusu siku. Vénérande alijua hayo tangu utotoni. Alijua pia kwamba aliye chini ya kitenge kile alikuwa mama mzee ambaye hakumkosea kitu. Akabadilisha gia. Starlet ikavuta pumzi, ikatoka kando, na kwa muda akaiona sura ya Télesphore dirishani, imevimba kwa kulia. Akapiga honi. Mara mbili. Vumbi likafunika Corolla, taa zake, tawi lake na kitenge chake.

Ilikuwa tamu. Haifai kusema vinginevyo. Ilikuwa tamu mpaka kileleni.

Wakafika kwenye bomba la maji la kambini. Wanawake waliokuwa wanachota maji waliwakimbilia: mbona mbio hivyo? Vénérande akafungua kinywa. Xaverine akamuwahi, kwa aibu aliyoibeba kwa ajili ya wote wawili. "Tumetangulia," alisema. "Mama wa Télesphore amefariki. Analetwa nyuma." Wanawake wakaacha ndoo, wakakimbia kutafuta mikeka na hema. Maiti ilipofika, kila kitu kilikuwa tayari.

Jioni, katika matanga, Télesphore alisimama mbele ya watu, akamwendea Vénérande na kumshika mikono yote miwili.

"Bandugu, huyu dada yangu aliona mzigo wangu njiani. Hakungoja kutumwa. Alinitangulia, akaandalia mama yangu pahali. Dada, aksanti."

Watu wakaitikia kwa sauti ya huruma. Xaverine akainamisha kichwa. Vénérande alihisi injini yote ile, chuma chote kile, kimepigwa teke kikawa si kitu. Alikuwa amempita na mtu yule hakujua kwamba amepitwa.

"Sikutangulia," alisema. "Nilikupita."

"Unasema?"

"Nilikupita, Télesphore. Nilipiga honi ili utoke. Sawa vile we ulinipita kule Swima, na baba yangu mu toroli."

Mchungaji akakohoa. Télesphore hakuiachia mikono yake, ila macho yake yaliinama, na Vénérande akayaona yanainama.

"Nilikuona," Télesphore alisema taratibu. "Siku ile. Nilikuona tangu mbali, na mikono yako juu. Niliogopa, dada. Na hapa, kila mara nakupita pale kilimani napiga honi, najisemea: leo atanitukana, tumalize. Hukunitukana."

Kwa hiyo alikuwa akikumbuka. Kila honi, kila kupunga mkono, alikuwa akikumbuka. Vénérande alidhani kujua hivyo kungemponya. Badala yake chuki iliyokuwa imekaa kwa mtu msahaulifu ikahamia kwa mtu mwenye kumbukumbu, na huko ikapata nafasi kubwa zaidi.

"Nisamehe mbele ya bantu," alisema Télesphore.

"Mama Aline, mjibu," mchungaji akanong'ona.

Vénérande akaitoa mikono yake. "Zika mama yako. Jibu iko yangu. Nitaitoa siku mi mwenyewe nitataka."

Tangu hapo, siku za soko, Télesphore hapigi honi. Akifika chini ya kilima anaegesha Corolla pembeni, anatoa mkono dirishani na kumwashiria Vénérande apite. Vénérande hapiti. Anasimama nyuma yake, anangoja. Abiria wananung'unika. Mwishowe Télesphore anaondoa gari, na Starlet inamfuata pole, karibu, ikijaa kwenye kioo chake mpaka kileleni.

Nahayo aliudhika. "Mama Aline, moteri ya elfu na mia tano inatembea nyuma ya elfu na mia tatu, sawa mbuzi wa kamba! Nikurudishie ile ya zamani?"

"Acha hiyohiyo," alisema Vénérande. "Yeye aliye mbele anaisikia vizuri."