Kenge Alinipiga, Konokono Akaniangusha

Miye Athmani, fundi kofia wa Kibokoni, sikuwa mtu wa hospitali. Kofia nazishona bila miwani hata leo, ingawa mke wangu, Bi Zuhura, atawaambia ni uongo.

Asubuhi moja nilimkuta kenge bandani, mrefu kama mlango, yai la kuku kinywani. Nikamfukuza kwa bakora mpaka kwenye majabali ya pwani, maji yamekupwa. Pale akageuka, akanitandika mkia kwenye muundi wa mguu, damu ikatoka. Watu wakacheka: "Mzee Athmani, mwache mwenzio anywe chai!"

Nikakaa kuosha mguu kidimbwini. Ndimo nilimomwona konokono wa bahari, gamba limechorwa kama kofia ya bwana harusi. Nikasema, nakshi hii lazima niishone. Nikamtia kwenye pindo la kikoi kiunoni, pale ninapotia tambuu yangu ya kutafuna.

Njiani nikahisi sindano chini ya kitovu. Sasa fundi kofia sindano kwake ni nini? Nikapuuza.

Kufika mlangoni, midomo imekufa ganzi. Kope zikaanguka, miguu ikalegea, ulimi ukawa tambara, pumzi haishuki. Nikabebwa hospitali, na watu wangu wakasema, "Ni kenge huyo!" Daktari akatazama muundi. "Jeraha hili halimzuii mtu kupumua. Labda ni ubongo." Wakanitia mpira kooni, mashine ikanipumulia.

Nasikia yote, siwezi kufumbua jicho. Jirani akanong'ona, "Masikini, kauawa na kenge," akaanza kunisomea Yasini. Nani atawaambia kuwa nipo?

Bi Zuhura alipokunja kikoi changu, konokono akadondoka.

"Msimguse!" daktari akasema. "Huyu ana mwiba wa sumu. Dawa yake hakuna, Mama. Ni mashine, mpaka sumu iishe. Na huenda mzee anatusikia."

Bi Zuhura akainama sikioni. "Baba Mwanaidi, ubishi wako wote, leo ndiyo siku yake."

Siku ya pili kidole kikacheza. Mpira ulipotolewa, niliomba chai.

Namshukuru Mola, na daktari, ambaye ile nakshi anayo kichwani, kwenye kofia niliyomshonea. Kenge ana meno na kishindo, lakini jeraha lake lilipona kwa kuoshwa na kufungwa. Konokono hana mbio wala sauti. Gamba zuri litazameni kwa macho tu. Na mwenye gamba akikuchoma, kimbilia hospitali na useme ulichoshika, kabla ulimi haujalala.

Siku hizi sindano ikinidunga napiga ukelele. Bi Zuhura hutazama kidole, kisha pindo la kikoi.

"Ni sindano," husema. "Shona."

Nami nashona.