Kwaresima ya Mwalimu Torsten

Makoti ya sufu yaliyolowa theluji hunuka kama mbwa mzee, na ukumbi wa kanisa letu kule Hagsätra ulinuka hivyo msimu wote wa baridi, harufu hiyo ikichanganyika na kahawa na nta ya mishumaa. Nilikuwa na miaka kumi. Mama, Mlutheri wa Bukoba, aliimba sauti ya pili katika kwaya, nami nilimngoja kwenye viti vya nyuma kwa kuwa nyumbani hapakuwa na mtu. Kwaya iliongozwa na mpiga kinanda wa kanisa, Torsten, ambaye nyimbo alizotunga ziliimbwa katika makanisa mengi ya Uswidi. Wanakwaya wengine walimwita kwa jina lake tupu. Mama alishindwa, kwake alikuwa Mwalimu.

Kwaresima ile alikuwa akiwafundisha wimbo mpya wa Pasaka, wa sauti nne, alioutunga baada ya kumzika mkewe. Jioni moja akawakatiza. "Sauti ya kwanza, mmeshuka!" Hawakuwa wameshuka, hata mimi mtoto nilisikia. Wakarudia, safi kabisa, naye akaziba masikio kama aliyepigwa. Mazoezi yalipokwisha tulimkuta ameketi ngazini. "Kila noti naisikia mara mbili," alimwambia Mama, "moja ya kweli na moja iliyopotoka. Daktari anasema hakuna dawa. Nisaidie. Nikikosea, niinulie mkono." Basi Mama akawa masikio yake. Ipo methali ya sikio la kufa ambayo Mama aliipenda sana. Kwaresima ile hakuitamka hata mara moja.

Waimbaji waliochoka kukaripiwa bure wakaanza kuondoka, mmoja leo, mwingine kesho. Kwenye treni nilimuuliza Mama kwa Kiswidi, kama nilivyozoea, kwa nini Mwalimu asiache tu. Akanijibu kwa Kiswahili, "Aache, abaki na nini?"

Kufikia Pasaka, hata zile noti mbili zilikuwa zimefifia masikioni mwake. Kanisa lilijaa. Katikati ya wimbo kinanda kilikwenda njia yake na kwaya njia yake. Mama aliinua mkono, akaupunga, na Mwalimu akauona. Akaondoa vidole. Kwaya ikanyamaza. Mama akaendelea peke yake mpaka wengine wakamfuata. Mwalimu aligeuka, akatazama vinywa vyao kimoja kimoja. "Bado mnaimba?" aliuliza kwa sauti kubwa mno, sauti ya mtu asiyejisikia mwenyewe. Baada ya ibada alikusanya karatasi zote za wimbo ule, akasema amemwaibisha mkewe, akaondoka nazo. Hakupiga kinanda tena, wala hakutunga tena mpaka alipofariki.

Sasa nakaa Jakobsberg, na wanangu hunijibu kwa Kiswidi kama nilivyomjibu Mama. Kanisa lile lina mwalimu mwingine, kijana hodari, na nyimbo za zamani za Torsten bado zinaimbwa. Ule wa Pasaka haupo. Waimbaji wenzake Mama wamekufa au wamesahau. Yeye pekee huuimba anapomenya ndizi jikoni kwangu, lakini anachokijua ni sauti ya pili tu: inapanda kidogo, inashuka kidogo, inatulia mahali ambapo wengine walipaswa kuingia. Nimejaribu mara nyingi kuiwekea sauti ya kwanza. Mama husikiliza mpaka mwisho, kisha hutikisa kichwa kukataa.