Kipimo Kimoja kwa Paka Wawili

Nyumbani na kazini, Mama Upawa alikuwa na sheria moja tu: anachopata mmoja ndicho atakachopata mwenzake. Hakuiandika popote wala hakuhitaji kuikumbusha, maana kila aliyewahi kula kwa mkono wake aliijua.

Jina hilo alilipata kwenye kantini ya kiwanda cha nguo, alikopakua chakula tangu binti yake akiwa wa kubebwa mgongoni. Upawa wake wa bati ulikuwa umepinda kidogo shingoni, na kila ulipozama kwenye sufuria ulitoka na kiasi kile kile, utadhani umepimwa kwa mizani. Wapakiaji wa marobota, watu wa miraba minne, walipata upawa mmoja. Karani wa stoo, mwenye vidonda vya tumbo, ambaye kula kwake kulikuwa kudonoa tu, naye alipata upawa mmoja.

"Mama, nipunguzie. Nitamwaga bure," karani alimwambia siku moja.

"Kamwage. Usije kesho ukasema ulipunjwa."

"Nipe mimi hicho anachomwaga!" mpakiaji mmoja alidakia kutoka nyuma ya foleni.

"Wewe una matumbo mawili?"

"Matatu, mama! Moja nimeliacha nyumbani limelala."

"Basi likiamka lile huko huko. Songa mbele, unachelewesha watu."

Foleni iliangua kicheko, na upawa ukashuka kiasi kile kile. Pipa la makombo lilijaa kila siku, na kila siku wapakiaji waliondoka wakilamba vidole. Mama Upawa hakuona kasoro hapo. Alikulia katika nyumba ambamo mtoto kipenzi alijulikana hadi kwa majirani, na kipenzi hakuwa yeye. Alijiapiza kwamba mikononi mwake hakuna atakayeonja uchungu ule.

Alizaa wawili, wa kiume kisha wa kike. Wa kiume alikuwa na pumu. Vumbi kidogo tu likipita, kifua kinapiga filimbi. Daktari akakataza asicheze nje. Mama Upawa akalitazama jambo hilo huku na huku, akaona si haki mmoja afungiwe na mwingine akimbiekimbie mbele ya macho yake. Akawafungia wote wawili. Binti, ambaye hakuwahi hata kukohoa, alikulia dirishani, paji la uso limegandishwa kwenye nondo, akiwatazama wenzake wakiruka kamba uani. Ukubwani kaka mtu alipona, akaoa mbali na kuhamia huko. Binti naye alisomea upimaji wa ardhi, kazi ya kushinda juani na kulala kwenye mahema. Alipopangiwa kituo cha kwanza nje ya mji, alifunga mizigo siku hiyo hiyo.

Baba yao alipofariki aliacha paka mmoja, Pamba, mweupe pe na kiziwi tangu kuzaliwa. Binti ndiye aliyemleta, akiwa bado mtoto mchanga wa paka ndani ya kofia. Baba ndiye aliyegundua kwamba hasikii, na ndiye aliyebuni namna ya kumwita. Alikuwa akigonga sakafu ya mbao kwa kisigino, mara mbili, na Pamba, popote alipolala, alipata mtikisiko ule kwenye nyayo zake akaja mbio. Baada ya maziko Mama Upawa aliendelea na desturi hiyo. Kila jioni alifungua mlango, akasema "Nimerudi" kwa mazoea ya miaka mingi, halafu akakumbuka, akagonga kisigino. Kiumbe pekee aliyebaki wa kumpokea alikuwa huyo asiyesikia salamu.

Pamba hakuhitaji nje. Mlango ukiachwa wazi aliutazama kama mtu anavyotazama shimo, akarudi kwenye kiti cha marehemu. Nyumba ikawa na amani ya namna hiyo, amani ya vitu visivyosogea.

Kisha akaja Meneja. Huyu alikuwa paka wa michirizi, mzaliwa wa stoo ya kantini. Wapishi walimpa jina hilo kwa sababu kila asubuhi alipita kukagua magunia, hakumsalimu mtu, na hakuna aliyejua hasa anafanya kazi gani. Wakaguzi wa afya walipoamuru aondolewe, Mama Upawa alimbeba nyumbani ndani ya kapu. Alimpa bakuli lililofanana na la Pamba, mto uliofanana na wa Pamba, na mlango uliofungwa kama wa Pamba.

Meneja alivumilia siku chache. Halafu akaanza kulia. Alikaa nyuma ya mlango akitoa sauti ndefu, nzito, isiyo na aibu. Alirarua pazia. Alikojoa kwenye zulia, kwenye viatu, na hatimaye kwenye kiti cha marehemu, na Pamba akahamia chini ya kitanda. Mama Upawa alipiga magoti akasugua kiti kwa sabuni mpaka vidole vikachubuka, harufu ya mumewe ikatoka pamoja na ile nyingine.

Kinyozi, ambaye kibanda chake kilitazama uani, alimsimamisha asubuhi moja akienda kazini.

"Mama, Meneja wako anaimba mno. Wateja wangu wanadhani nimemkata mtu sikio."

"Amekula, amekunywa, ana mchanga safi wa kujisaidia. Anataka nini tena?"

"Anataka uani. Mwachie dirisha la jikoni. Huyo amezaliwa kwenye pilikapilika. Yule mweupe mwache ndani, mbona yeye hajalalamika?"

"Nimfungulie mmoja nimfungie mwingine? Kwangu hakuna mtoto wa kambo."

"Lakini ni paka, mama."

"Haki haiulizi kama una mkia."

Kinyozi alijikuna kwa kitana. "Haya. Ila mimi kila anayeketi hapa namuuliza kwanza anyolewe vipi. Ningewanyoa wote sawasawa, wenye vipara wangenishitaki."

"Ndiyo maana kibanda chako hakina foleni," Mama Upawa alimjibu, akaenda zake. Kinyozi alicheka peke yake. Mama Upawa hakucheka.

Jumapili binti alipiga simu. Alikuwa amepata likizo, na kwa mara ya kwanza tangu maziko alisema angekuja kukaa, si kupita tu.

"Nataka kukaa na Pamba," alisema. "Na wewe."

Mama Upawa alisikia mpangilio wa maneno yale, akaumeza. Nyumba itakuwa na mtu. Alianza papo hapo kufikiria shuka. Wakati huo Meneja alikuwa akilia nyuma ya mlango, na binti akauliza ni nani anayechinjwa. Mama akamweleza yote.

"Sasa mama, si umfungulie huyo Meneja atoke? Pamba ndiye asitoke. Hasikii gari, hasikii mbwa."

"Kila mmoja atapata sawa na mwenzake."

"Kama mimi na kaka?"

"Niliwapenda sawa."

"Najua. Utoto wangu wote nimekaa dirishani ili kaka asijisikie vibaya. Unajua kaka alikuwa akiniambia nini? Alikuwa akinisihi nitoroke nikacheze, halafu nirudi nimsimulie. Alitaka hadithi za uani, mama. Tukabaki wote hatuna hata moja."

"Hakuniambia."

"Ulimuuliza?"

Kwenye simu ulisikika upepo wa huko binti aliko, upepo wa mahali pasipo na ukuta.

"Niahidi tu Pamba hatoki," binti alisema.

"Nimekusikia, mwanangu."

Kusikia si kuahidi, na wote wawili walilijua hilo.

Wiki nzima maneno yale hayakumtoka. Pale kantini aliinua upawa, akauteremsha, lakini macho yake yalikuwa kwenye dirisha la zamani na paji la uso la mtoto. Alikiri moyoni kwamba alikosea kumfungia binti. Ni vigumu mwanamke wa aina yake kukiri jambo, na alipokiri alitaka kulirekebisha mara moja. Ila alilirekebisha kwa kipimo kile kile alichokizoea. Hakujiambia kwamba mmoja alihitaji nje na mwingine alihitaji ndani. Alijiambia kwamba kosa lilikuwa kuwafungia wote, basi sasa atawatoa wote.

Jumamosi, baada ya kufua, aliwabeba, mmoja kila mkono, akawateremsha uani. Kulikuwa na jua zuri. Kinyozi alikuwa ananyoa. Jirani wa juu alikuwa ameanika mkeka kwenye kamba. Meneja alijinyoosha, akapanda ukuta, akatoweka kichwa juu kama mwenye kikao. Pamba alibaki pale alipowekwa, ameng'ang'ania saruji kwa kucha zote, masikio yakigeuka huku na huku bila kupata kitu.

"Mama, huyo anatetemeka," kinyozi aliita.

"Atazoea. Kila kitu huanza hivyo."

Jirani wa juu akashuka na fimbo, akaanza kuukung'uta mkeka vumbi. Pamba hakusikia kishindo. Aliona tu kivuli kikubwa kikimwangukia kutoka nyuma. Aliruka. Alipita chini ya geti, kitu cheupe kilichonyooka kama utepe, na barabara ikammeza.

Wote walitoka. Kinyozi na wembe mkononi, mteja wake amenyolewa nusu kichwa, jirani na fimbo yake, wote walitawanyika barabarani wakiita, "Pamba! Pamba!" Mama Upawa aliita kuliko wote. Alikuwa amefika kwenye duka la kona ndipo alipojisikia anachofanya: mtaa mzima unamwita paka kiziwi kwa jina. Akasimama, akagonga kisigino mara mbili kwenye lami. Akagonga tena, kwa nguvu, mpaka maumivu yakapanda gotini. Lami haikutikisika. Wapita njia walimkwepa, wakidhani amepandwa na kitu kichwani.

"Turudi, mama," kinyozi alimwambia. "Paka hurudi wenyewe."

"Wenye masikio," alisema.

Alimtafuta Jumapili, na kila jioni baada ya kazi. Alichungulia chini ya magari, kwenye mitaro, nyuma ya mapipa ya taka ya hospitali. Watu walimwonyesha paka weupe wa kila namna, na hakuna aliyekuwa Pamba. Huku nyuma Meneja alirudi mwenyewe, akala, akalala, akadai kutoka tena. Mama Upawa alimwachia dirisha la jikoni wazi. Sheria haikumzuia sasa. Hakukuwa na mwingine wa kulinganishwa naye. Meneja alishinda kwenye kibanda cha kinyozi, juu ya kiti cha wanaosubiri, akapendwa na wateja. Nyumbani alipita kula tu.

Mama Upawa alingoja siku kadhaa kabla ya kumpigia binti, akitumaini atakuwa na habari njema ya kutanguliza. Hakuipata.

"Pamba amepotea," alisema.



"Alipoteaje? Alikuwa ndani."

"Nilimtoa. Niliwatoa wote wawili."

"Kwa nini?"

"Nilifikiri maneno yako. Ya dirishani. Sikutaka tena kumfungia mtu."

"Mama." Binti hakupandisha sauti, ingekuwa afadhali angefoka. "Nilikuomba kitu kimoja. Nilikwambia na sababu yake. Wewe ukachukua anachotaka Meneja ukampa Pamba."

"Nilitaka wawe sawa."

"Hawakuwa sawa. Mimi na kaka pia hatukuwa sawa. Ungetutazama tu ungeona."

Mama Upawa alitaka kusema kwamba alitazama, kwamba maisha yake yote alitazama asimzidishie mtu wala kumpunja. Lakini alitambua kwamba miaka hiyo yote alikuwa akiutazama upawa. Sahani zilipita, na mikono iliyozishika, na nyuso zilizokuwa nyuma ya mikono hiyo, naye macho yake yalikuwa kwenye bati. Hilo hakuweza kulisema kwa simu. Alisema, "Shuka nimeshatandika."

"Nitakwenda kwa kaka likizo hii," binti alijibu. "Usikasirike. Nikija hapo nitakaa kwenye kile kiti nimtafute chini ya meza, na nitakuchukia. Sitaki kukuchukia."

"Sikasiriki."

"Kula vizuri, mama."

Simu ikakatika. Shuka zilikaa kitandani mpaka zikapata vumbi, akazifua, akazikunja.

Sheria ile ilimgharimu paka aliyeachiwa na mumewe, na ilimgharimu likizo ya binti yake, ile na zote zilizofuata.