Wino Mpya kwenye Sahihi ya Mtwa

Karani yule jina lake nalijua, na nyumba yake karibu na stesheni ya Mbeya naweza kukuonyesha hata leo. Silitaji kwa ajili ya wanawe, ambao hawakunikosea kitu. Lakini kosa lake nitalitaja. Yeye ameshakufa, mama ameshakufa, nimebaki mimi, na mimi niliishia darasa la nne. Anayetaka Kiswahili cha ofisini akatafute kwingine.

Alikuwa karani wa boma wakati wa Mwingereza. Alipostaafu akaanza kununua barua za wakubwa wa zamani: machifu, mapadri wa kwanza, mabwana shauri. Wateja wake walikuwa wageni waliopita Mbeya kwenda Zambia, watu wa kutaka karatasi iliyoguswa na mkono wa mtu mkubwa. Mimi nilikuwa miguu yake. Miaka minne, ile ya katikati ya sabini, nilizunguka Igowole, nikashuka Usangu, nikakaa na wazee mpaka wafungue makasha. Nilitoa kandili, nilitoa shuka, nilitoa sukari ilipokuwa shida, nikapewa barua.

Alinifundisha, sikatai. Barua iliyopigwa taipu, chifu akatia sahihi tu, hiyo bei ndogo. Iliyoandikwa na karani wake, ndogo pia. Lakini ile ambayo mwenyewe alishika kalamu mwanzo mpaka mwisho, "hiyo," alisema, "mtu mwenyewe amekaa ndani." Aliinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha, akainusa, akacheka peke yake.

Siku moja mdomo ukaniponza. Nikamwambia kwetu Kihesa tunayo barua. Mtwa, yaani chifu wetu sisi Wahehe, alimwandikia babu yangu kumwomba radhi. Alimsingizia wizi wa ng'ombe mbele ya baraza, halafu ng'ombe akaonekana porini anakula majani yake. Basi mtwa akaandika kwa mkono wake, maana aliona haya karani wake ajue.

Karani wangu akaweka kikombe chini.

"Chifu anaomba radhi? Kwa mkono wake?"

"Ndiyo, mzee."

"Iko wapi?"

"Kwa mama, ndani ya kopo la kakao."

"Mama yako anataka nini?"

Mama alitaka macho. La kushoto lilikuwa limekwisha kufunga, la kulia limeanza kuingiwa ukungu. Hospitali ya misheni walisema linapasuliwa na mtu anaona, ila tuwahi. Karani akasema niilete barua, yeye atagharamia yote, safari na upasuaji. Nikiwa mlangoni akaniita tena.

"Na sahihi ionekane vizuri, kijana. Mteja wangu hapendi kukodoa macho."

Maneno hayo ndiyo ninayoyashtaki mpaka leo.

Mama hakukataa. Alisema tu kwanza tumpe babu taarifa, tukaenda na kopo mpaka kaburini. "Baba," alisema, "unakwenda kuniletea jicho. Usikasirike." Tuliporudi, akaniuliza kama sahihi ya mtwa bado inaonekana.

"Imefifia, mama. Imekuwa kama chai ya rangi."

"Sasa utampelekaje kwa watu hivyo, kama kaburi lisilo na ndugu? Mpitishie wino."

Sisi kwetu, kila mwaka kabla ya Siku ya Marehemu, watu huenda makaburini na kopo la rangi nyeusi kupitisha upya majina kwenye misalaba. Jina likifutika, aibu ni ya walio hai. Na mimi shule haikunipa kitu, lakini mwandiko ilinipa. Nusu ya misalaba ya Kihesa nimeipaka mimi. Kwa hiyo sikusita. Nilikunja blanketi, nikaiweka barua juu yake isije ikakwaruzwa na meza, nikachukua biki ya buluu. Nilifuata kila kona, kila mkia, pumzi nimeibana. Ilitoka nzuri. Nilimwambia mama, akapiga kigelegele kidogo, cha watu wawili.

Karani alifungua barua pale dirishani. Hakuinusa.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi. Ulisema ionekane."

"Nilisema ionekane, nilisema uichore? Hii sasa ni sahihi yako. Wewe nani akununue?"

"Maneno ya juu yote sijayagusa, mzee."

"Na ng'ombe ukimkata kichwa, utasema mwili hujaugusa?"

Alicheka mwenyewe kwa hilo. Nikamuuliza, na macho ya mama? Akasema biashara haina mama. Barua zote zile nilizombebea, mvua na jua, na alikuwa na uwezo. Jicho moja tu. Tena naye kwao walikuwa wanapaka misalaba, nilimwona kwa macho yangu kaburini kwa baba yake, na brashi mkononi. Alijua watu wetu wanafanya nini na jina linalofifia. Wino mpya unaua wa zamani, neno hilo moja hakunifundisha. Mkosaji wa pili ni mimi, niliyeondoka pale nikisema "kwaheri mzee" kama vile hakijatokea kitu.

Tulihangaika kwa ndugu, tukachelewa. Jicho la kulia nalo likafunga.

Barua ilirudi kwenye kopo. Asubuhi, jua likishatoka, mama alikuwa akikaa kibarazani na kuniomba nimwekee mapajani. Kwa vile niliiandikia juu ya blanketi, biki ilikuwa imezama kwenye karatasi, ikaacha kifereji. Kidole chake kilikipata. Mama hakujua kusoma tangu azaliwe, lakini alikifuata kile kifereji mwanzo mpaka mwisho, akarudi, akafuata tena.

"Hapa anapanda. Hapa anageuka. Mkono mzito huu."

"Ni mkono wangu, mama."

"Najua. Mtwa, na kalamu ile ya wino, angebonyeza hivi angetoboa."

Kisha alikuwa akiikunja mwenyewe, bila kukosea mkunjo hata mmoja, na kuuliza swali lake la kila siku, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza kama mvua imekatika.

"Na yule karani wako wa Mbeya, hajaandika ya kwake?"

"Bado, mama."