Mkulima Hewa

Shangazi yangu anaitwa Honi, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Akiwaita kuku wake, wa jirani nao wanakuja. Hata mumewe anamwita Honi, naye huitika bila kinyongo.

Msimu ule alikuwa na hasira ya kweli. Ruzuku ya mbolea, ile ambayo serikali huwatumia wakulima kwa simu, ilikuwa imempita tena, na mahindi yake yalisimama membamba, yamegeuka manjano. Wakati huohuo fundi cherehani, ambaye shamba lake ni makopo ya maua barazani, alilipwa. "Wewe fundi, umelima nini, vifungo?" Shangazi alimuuliza mbele za watu. Fundi alicheka mpaka akajichoma sindano, lakini hela hakurudisha.

Basi ikasikika kwamba kwenye orodha ya kijiji kuna mkulima hewa: ana jina, ana shamba, ana namba ya simu, ila hakuna anayemjua. Karani wa kilimo akaitisha mkutano darasani ili afutwe na fungu lake apewe mwingine. Shangazi alikuwa wa kwanza kufika. Alilitaka fungu lile kwa udi na uvumba, maana bila hilo angepanda tena bila mbolea.

"Huyo ndiye anayekula haki yangu," aliniambia. "Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo."

Tuliketi kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Karani, mtu mpole wa sauti ndogo, akafungua kinywa alitaje jina.

"Usilitaje!" Shangazi akadakia. "Jina la mwizi tunalitakia nini? Futa!"

Watu wakapiga madawati. Kila karani alipoanza upya, Honi ililia.

"Jamani, kuna utaratibu," karani akasema, akijifuta jasho. "Kabla sijamfuta lazima nimpigie mara ya mwisho. Nikimpigia athibitishe ili alipwe, huwa ananitukana, kisha anakata."

"Mnaona? Tena hana adabu!"

Karani akabonyeza simu yake. Mara simu ikalia kifuani kwa Shangazi. Akaitoa, akatazama namba, uso ukamng'aa.

"Matapeli hawa! Wananisumbua tangu mvua zianze. Leo wamenikuta na mashahidi." Akaweka sauti ya juu ili sote tusikie. "Haloo! Mwizi wee, huna kazi? Niko mkutanoni, tunamfuta mwenzako!"

"Mama," simu ikasema.

"Mama," karani naye akasema pale mezani, kwa sauti ileile. "Hebu nitazame."

Shangazi aliishusha simu. Alitazama simu, akamtazama karani, akarudi kwenye simu. Fundi ndiye aliyeangua kicheko kwanza, darasa zima likafuata. Na mimi nilicheka mpaka mbavu zikauma, heshima nikaiweka kando.

Kelele zilipotulia, karani akalitaja jina bila kudakiwa. Lilikuwa jina zuri, na mimi, mtoto wa kaka yake, sikuwa nimewahi kulisikia. Mumewe akainua kichwa.

"Kumbe ndilo lako?"

"Siku ya ndoa si lilitajwa?"

"Siku ile nilikuwa natetemeka. Nilisikia nini?"

Watu wakacheka tena, lakini Shangazi hakucheka. Macho yalikuwa yamemjaa machozi.

"Mama yangu ndiye aliyekuwa akiniita hivyo," akasema, na kwa mara ya kwanza ilitubidi tunyamaze ili tumsikie. "Tangu tumzike, nimebaki Honi. Hata mimi nililisahau, liko sandukuni na kitambulisho."

Nilimwonea huruma, nikaona haya kwa kile kicheko changu.

Karani akashika kalamu. "Kwa hiyo, mama, nisifute?"

"Ukifuta, nitakufuta wewe!" Kisha akashusha sauti. "Lakini hebu lisome tena, mwanangu. Taratibu."

Karani akalisoma.

"Abee," Shangazi akaitika.